Boza Lililobeba Mayai: Uchambuzi wa Mlipuko wa Salmonela Uliotokana na Aiskrimu, Minnesota 1994

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika jimbo la Minnesota, mwaka 1994. Nimeondoa jina la kampuni, la wasafirishaji na la kila aliyehusika. Jimbo na tarehe nimeziacha, kwa sababu bila hizo msomaji hataona kazi ilivyofanywa kwa kasi. Nimekichagua kwa kuwa kinagusa mahali ambapo jicho la mkaguzi wa maziwa halifiki mara nyingi. Mchanganyiko wa aiskrimu ulikuwa umepasteurishwa. Sampuli zilizochukuliwa kwenye sakafu na mitambo ya kiwanda hazikuonyesha salmonela, bakteria wa kuharisha wanaozungumziwa hapa. Hata hivyo, kwa makadirio ya wachunguzi, watu 224,000 waliugua.

Usuli

Kampuni iliuza aiskrimu nchi nzima, na sehemu kubwa iliifikisha mlangoni kwa mteja. Malori yenye friza yalizunguka mijini na mashambani, dereva anagonga hodi, mwenye nyumba anachagua anachotaka na kukiweka kwenye friza yake. Shika jambo hilo, maana litarudi mara mbili: mara ya kwanza kama tatizo, mara ya pili kama msaada.

Aiskrimu huanza ikiwa majimaji: maziwa, krimu, sukari na vitu vya kuifanya ishikamane. Majimaji hayo, nitayaita mchanganyiko, ndiyo yanayopasteurishwa, yaani kupashwa kwa joto lililopimwa kwa muda uliopimwa. Maziwa ya kunywa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Mchanganyiko wa aiskrimu hudai zaidi, nyuzi 80 hivi kwa sekunde 25, au 69 kwa nusu saa, kwa sababu mafuta na sukari yake huwakinga bakteria wasife haraka. Kisha hupozwa, hutiwa ladha na kugandishwa. Baada ya joto lile hakuna tena hatua inayoua kitu. Kuna wanaoamini kwamba baridi ya friza inasafisha. Sivyo. Salmonela hukaa ndani ya aiskrimu iliyoganda kwa miezi, ikisubiri tu kuliwa.

Mchanganyiko uliotumika ulipasteurishwa katika viwanda vingine viwili, ukapakiwa kwenye maboza na kusafirishwa hadi kwenye kiwanda cha aiskrimu. Ulipofika uliingia moja kwa moja kwenye uzalishaji bila kupashwa moto tena. Kwa mtazamo wa wakati ule halikuwa jambo la kushangaza: umeshapashwa, kwa nini upashwe mara mbili?

Upande wa serikali, Minnesota ilikuwa na kanuni ambayo majimbo mengi hayakuifuata kwa bidii ile. Maabara yoyote ikiotesha salmonela kutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, sharti ipeleke kimelea chenyewe kwenye maabara ya jimbo, ambako kilitambuliwa ni cha aina gani. Aina za salmonela ni zaidi ya elfu mbili, na kujua aina ndiko kunakotenganisha kuhara kwa kawaida na mlipuko wenye chanzo kimoja. Kisha wafanyakazi wa idara ya afya ya jimbo waliwapigia simu wagonjwa na kuwauliza walichokula. Ni kazi ya kuchosha, na siku nyingi haileti kitu.

Mambo yalivyofuatana

Septemba 1994 idadi ya vimelea vya aina ya Enteritidis vilivyofika kwenye maabara ya jimbo ilianza kupanda. Kuanzia tarehe 19 Septemba hadi 10 Oktoba wagonjwa 80 walithibitishwa. Mwaka mzima wa 1993 walikuwa 96 tu. Wiki tatu zilikaribia kuufikia mwaka.

Takwimu hizo tukizisoma leo zinaonekana wazi, lakini kwa aliyekuwa ndani yake hazikuwa hivyo. Mtu hula, huugua baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu, huvumilia kwanza, huenda hospitali, hutoa choo, maabara huotesha, kimelea husafirishwa, aina hutambuliwa. Hadi karatasi ifike mezani kwa mchunguzi, wiki mbili zimeshakatika. Anachokiona leo ni kilichotokea zamani, na kinachotokea leo hakioni. Kila siku anayongoja kuna nyumba nyingine inafungua kopo.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba wagonjwa hawakuwa na kitu kilichowakutanisha. Hapakuwa na harusi, shule wala mgahawa uliowaunganisha. Walikuwa wametawanyika majumbani mwao, wengine watoto, wengine wazee. Aina ya Enteritidis kwa miaka ile ilihusishwa zaidi na mayai, kwa sababu kuku aliyeambukizwa huweza kuipitisha ndani ya yai hata ganda likiwa zima na safi. Kwa hiyo mayai ndiyo yaliyotarajiwa.

Tarehe 5 na 6 Oktoba wachunguzi walifanya uchunguzi wa kulinganisha. Waliwachukua wagonjwa 15 na watu wengine 15 wasiougua, wa umri unaokaribiana na wanaoishi maeneo yaleyale, wakawauliza maswali yaleyale. Kati ya wagonjwa 15, 11 walikuwa wamekula aiskrimu ya kampuni hii ndani ya siku tano kabla ya kuugua. Kati ya wale wazima 15, waliokula walikuwa 2.

Uamuzi wa tarehe 7 Oktoba

Hapa ndipo penye somo zito, nami nitakaa hapo kidogo.

Asubuhi ya tarehe 7 hakuna maabara iliyokuwa imepata salmonela kwenye aiskrimu. Mkononi mlikuwa na mahojiano ya watu 30 tu. Upande wa pili ilikuwepo kampuni kubwa yenye maelfu ya wafanyakazi na jina lililojengwa kwa miaka mingi. Kosa lingeharibu riziki za watu wasio na hatia. Afisa yeyote aliyewahi kufunga hata bucha moja anaujua uzito huo.

Maafisa wa jimbo waliamua kuwaambia wananchi siku hiyohiyo. Hoja yao naielewa hivi. Kwanza, tofauti ya 11 kwa 2 katika vikundi vidogo kiasi kile ni kubwa mno kuwa bahati nasibu, na kinachonyooshewa kidole si chakula cha jumla kama kuku au saladi, bali bidhaa ya jina moja. Pili, bidhaa ilikuwa bado imo kwenye friza za watu. Maziwa yakichafuka, baada ya wiki moja yameshanyweka au yamemwagwa, na mlipuko huisha wenyewe. Aiskrimu hukaa. Kusubiri maabara siku kumi kungekuwa siku kumi za watu kuendelea kuila. Tatu, aliyekula na kuugua akijua chanzo, atamwambia daktari wake, na daktari atajua anachokitafuta.

Kampuni nayo ilisimamisha uzalishaji na kuanza kurejesha bidhaa siku ileile, bila kusubiri kulazimishwa. Ingeweza kudai ushahidi wa maabara kwanza na kupata siku kadhaa za mabishano. Haikufanya hivyo. Madereva waliokuwa wakipeleka aiskrimu sasa walipeleka taarifa na kuchukua mzigo, na kwa kuwa mauzo yalikuwa ya mlango kwa mlango, kampuni iliwajua wateja wake kwa majina na mitaa. Duka la kawaida halina orodha ya walionunua.

Ushahidi wa maabara ulikuja baadaye, na ulithibitisha. Salmonela ileile ilioteshwa kutoka kwenye aiskrimu. Majimbo jirani ya South Dakota na Wisconsin nayo yalikuwa na wagonjwa wa aina hiyo.

Kufuata njia ya mchanganyiko

Lilibaki swali la namna gani. Wachunguzi walipima bidhaa 226 za aiskrimu, na 8 zikawa na kimelea. Ndani ya kiwanda hawakukipata. Kama uchafu ungekuwa umejificha kwenye mtambo, kwenye mfereji wa maji machafu au kwenye ubaridi wa vyumba vya kugandishia, dalili fulani ingetarajiwa. Basi wakarudi nyuma hatua moja, kwenye barabara.

Maboza yaliyoleta mchanganyiko yalikuwa na kazi nyingine. Yakishashusha, hayakupenda kurudi matupu, na hakuna msafirishaji anayependa. Baadhi yalibeba mayai mabichi ya maji, yaani mayai yaliyopasuliwa kwa maelfu na kumiminwa pamoja kabla ya kupasteurishwa. Mayai hayo yalitarajiwa kupashwa moto yakifika yaendako, kwa hiyo kuwa na salmonela ndani yake lilikuwa jambo linalovumilika. Boza lilitakiwa kuoshwa na kuuliwa vijidudu, kisha likapakie mchanganyiko ambao hautapashwa tena.

Wachunguzi walilinganisha aiskrimu iliyohusishwa na wagonjwa na ile isiyohusishwa. Ile ya kwanza ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko uliosafirishwa na maboza ambayo safari yao ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa ya mayai mabichi. Tofauti hiyo haikuwa ya kubahatisha.

Aliyewahi kuosha tangi la maziwa anajua uchafu hukaa wapi. Kuta za chuma cha pua husafishika. Matatizo yapo kwenye mpira wa kuzibia mlango, kwenye koki ya kutolea, ndani ya pampu, kwenye mpira wa kushushia ambao haukaushwi. Yai likikauka hapo hushika kama gundi. Na kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo sana. Bakteria kwenye aiskrimu hii walikuwa wachache mno kwa kila bakuli, lakini mafuta ya krimu huwasitiri na tindikali ya tumboni, hivyo wachache wanatosha.

Matokeo

Kwa makadirio, kati ya kila watu 100 walioila aiskrimu hiyo, 6 au 7 waliugua. Wengi hawakufika hospitali, na waliofika wengi hawakupimwa choo, ndiyo maana waliothibitishwa katika maabara walikuwa sehemu ndogo kabisa ya wale 224,000.

Kampuni iliporudi kazini ilianza kupasteurisha tena mchanganyiko wote palepale kiwandani kabla ya kuutumia, na kutenga maboza ya kazi hiyo peke yake. Pendekezo la wachunguzi lilifanana na hilo: chakula kisichotarajiwa kupashwa moto tena kisafirishwe katika chombo kilichotengwa kwa ajili yake.

Kilichofanya kazi

Kanuni ya kupeleka vimelea kwenye maabara moja ndiyo iliyouonyesha mlipuko. Aiskrimu ileile ililiwa katika majimbo mengine mengi, watu wakaugua huko pia, na hakuna jimbo jingine lililotangulia kuona. Hawakukosa wagonjwa. Walikosa mahali ambapo wagonjwa hao wangekaa kwenye orodha moja.

Simu nazo zilifanya kazi. Naona vijana wetu wakisoma afya ya jamii wanaiheshimu zaidi mashine ya maabara kuliko mahojiano, na nasikitika. Katika kisa hiki mahojiano ya watu 30 kwa siku mbili yalitangulia mashine, na kila siku iliyookolewa ina idadi yake ya watoto ambao hawakuharisha damu.

Ujasiri wa kutangaza mapema ulikuwa na msingi, haukuwa pupa. Walisema walichokijua na namna walivyokijua.

Kilichoshindwa

Kipimo cha fosfatasi, ambacho wakaguzi wa maziwa hukitumia kuhakiki upasteurishaji, hakingesaidia hapa hata kidogo. Kipimo hicho huangalia kimeng'enya cha asili cha maziwa kinachokufa kwa joto lilelile linaloua vimelea. Kikiwa kimekufa, maziwa yalipashwa ipasavyo. Mchanganyiko huu ungefaulu, na kwa haki kabisa, kwa sababu kweli ulipashwa. Uchafu uliingia baadaye. Afisa mwenye cheti cha fosfatasi mkononi angeondoka akiwa ameridhika.

Kupima bidhaa ya mwisho nako kuna mipaka ambayo watu hawapendi kuisikia. Chukua zile 8 kati ya 226, chini kidogo ya asilimia 4. Ukichukua makopo matano kutoka kwenye shehena iliyochafuka kwa kiwango hicho, uwezekano wa kukosa yote matano ni kama asilimia 84. Ukichukua ishirini, ni karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo karatasi inayosema "salmonela haikupatikana" kwa sampuli tano inasema kidogo sana kuhusu shehena, na bado ndiyo karatasi inayobandikwa ukutani.

Kosa kubwa lilikuwa la mgawanyo wa macho. Kiwanda cha kupasteurisha kilikuwa na mkaguzi wake. Kiwanda cha aiskrimu kilikuwa na wake. Biashara ya mayai ilikuwa na wake. Boza lilipita katikati ya hao watatu, na kila mmoja alilipokea kama kitu kilichokwisha kushughulikiwa na mwenzake. Kila kituo kilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Barabara haikuwa imeandikwa mahali popote pa maana.

Sheria yenyewe ilichelewa mno. Marekani ilikuwa na sheria ya usafi wa usafirishaji wa chakula tangu 1990, miaka minne kabla ya mlipuko, ikiwa chini ya wizara ya uchukuzi. Mwaka 2005 jukumu lilihamishiwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, na kanuni kamili zilitoka 2016. Sasa anayesafirisha chakula cha wingi kwenye boza anaweza kutakiwa aeleze mzigo uliotangulia na lini chombo kilioshwa mara ya mwisho. Miaka 22 ilipita kati ya aiskrimu na kanuni hiyo.

Na kuna lililoshindikana majumbani. Uchunguzi uliofanywa jimbo la Georgia baada ya mlipuko ulionyesha kwamba baadhi ya watu waliendelea kula hata baada ya kusikia onyo, kwa kuwa hawakuamini kwamba aiskrimu waliyoizoea ni hatari. Tunadhani tangazo likishatoka kazi imekwisha. Mtu mwenye kopo zima kwenye friza, alilolinunua kwa pesa yake, ambaye jana alilila na hakuumwa, anahitaji zaidi ya tangazo.

Si kisa cha peke yake

Mwaka 1985, karibu na Chicago, maziwa ya kiwanda kimoja kikubwa yalisababisha salmonela kwa wagonjwa zaidi ya 16,000 waliothibitishwa. Nayo yalikuwa yamepasteurishwa. Nakitaja kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakihitimisha kwamba upasteurishaji hauna faida ikiwa mambo kama haya hutokea. Ni kinyume chake. Upasteurishaji hufanya kazi vizuri kiasi kwamba maziwa ya kiwandani yanapoleta mlipuko, mahali pa kwanza pa kutafuta ni baada ya joto: bomba lililounganishwa vibaya, chombo, mkono, koki.

Barabara za kwetu

Huku kwetu boza la maziwa mara nyingi ni dumu la plastiki nyuma ya bodaboda. Dumu lilianza maisha na mafuta ya kula au kitu kingine, shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani haionekani. Maziwa mabichi yakibebwa humo yanaenda kuchemshwa, pengine hakuna neno. Dumu lilelile likirudi kuchukua maziwa yaliyokwisha kupashwa, ya kupeleka kwenye friji ya duka au kwenye mashine ya aiskrimu ya koni, tumeitengeneza Minnesota kwa ukubwa wa lita ishirini.

Tanzania ina Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 na Bodi yake, usalama wa chakula kwa jumla ulihamia TBS, yaani Shirika la Viwango, mwaka 2019, na halmashauri zina maafisa afya. Kenya ina Bodi ya Maziwa yake na kaunti zake. Kila mmoja ana mlango wake wa kukagua. Ninachowaomba maafisa afya ninaozungumza nao ni kusimama nje ya mlango huo asubuhi moja, chombo kinaposhushwa, kabla hakijafunguliwa. Umuulize aliyekileta safari iliyopita alibeba nini, alikioshea wapi, kwa maji ya wapi na kwa dawa gani. Vua mpira wa kifuniko uutazame kwa chini, halafu uunuse. Andika majibu kwenye fomu ileile unayoandikia joto la maziwa, hata kama fomu haina nafasi yake. Pembeni panatosha.